Ng'ombe wa Langoni

Watoto wa Endasak walimwita Isidori Sulle Dume la Pikipiki. Kila alipopita na mtungi wake mweupe, umefungwa nyuma ya kiti kwa vipande vya mpira wa tairi, walimkimbilia kando ya barabara wakilia kama ndama. Wakubwa walicheka chini chini. Hata paroko, mtu asiyependa mzaha, aliwahi kumwuliza mbele ya waumini sasa ana watoto wangapi katika wilaya nzima.

"Niliacha kuhesabu, padri," alijibu Isidori. "Na hakuna hata mmoja anayeniamkia."

Kazi yake ilikuwa uhimilishaji, kuwatia ng'ombe mimba bila fahali kuwapo. Ndani ya mtungi mlikuwa na naitrojeni, kimiminika cha baridi kali kinachofuka kama moshi kila kifuniko kinapoinuliwa, na ndani ya baridi ile ililala mirija myembamba kama njiti za ufagio. Kila mrija ulibeba mbegu za fahali ambaye Isidori hakupata kumwona. Baadhi ya mafahali hao walikuwa wameshakufa. Alipokuwa kijana jambo hilo lilimchekesha. Alipoanza kuota mvi likawa linamfikirisha, kwamba yeye, mtoto wa mkulima wa mahindi na maharage, anapita kwenye utelezi wa Hanang akiwazalishia marehemu.

Lakini aliipenda kazi. Alikuwa na mkono mwepesi, na ng'ombe walitulia akiwagusa. Kitu kimoja tu hakukizoea, nacho ni kuunguza pembe. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walimwita aje awachome ndama vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto, ili wakikua wasichomane zizini wala wasimpasue mtu. Isidori alichoma sindano ya ganzi pale dawa ilipokuwepo, na mara nyingi haikuwepo. Harufu ya nywele na mfupa ilikaa kwenye shati hata baada ya kufuliwa. Mkewe aliijua. Siku hizo alimwekea chakula bila nyama.

Kwa hiyo mradi ulipokuja na habari ya ng'ombe wasiota pembe, Isidori aliamini kwa moyo wote kwamba huruma imefika.

Aliyeuleta alikuwa Daktari Vicent, daktari wa mifugo aliyetoka mkoa mwingine, kijana wa maneno laini. Aliwaita wafugaji kwenye uwanja wa mnada akawaeleza kwamba kila kiumbe kimebeba ndani ya mwili wake maagizo ya jinsi kitakavyokuwa: rangi, kimo, maziwa, pembe. Hayo ndiyo vinasaba. Huko ng'ambo, alisema, wataalamu wamefungua maagizo ya fahali wa maziwa, wakaondoa kipande kidogo kinachohusu pembe, wakatia kipande cha ng'ombe wa aina nyingine ambao kwa asili yao hawana pembe.

"Ng'ombe kwa ng'ombe, wazee wangu. Hakuna cha nguruwe wala cha samaki. Kibali cha majaribio tunacho."

"Na ng'ombe mwenyewe ameulizwa?" mzee mmoja alipaza sauti.

"Ng'ombe huulizwa lini?" akajibu mwenzake. "Hata kisu hatumwulizi."

Uwanja ulicheka. Daktari Vicent naye alicheka, halafu akasema mradi haumlazimishi mtu. Mwenye mifugo atakayekubali ataweka dole gumba lake, na ndama atakayezaliwa watakuja kumpima na kumfuatilia miaka yote. Wazee wakapanga mstari. Wake zao walikuwa wameketi upande wa pili wa uwanja, kwenye kivuli cha ukuta wa choo, kwa sababu hakuna aliyewaita mbele.

Miongoni mwa walioweka dole gumba alikuwa Mzee Gidahoda, Mbarbaigi mwenye boma bondeni, mtu mkali na mcheshi kwa pamoja. Mke wake, Bibi Udaghwenga, mama Emanuel, hakuwapo hata kwenye kile kivuli. Alikuwa Haydom, anamuuguza dada yake hospitalini.

Hapa inabidi kueleza jambo ambalo Isidori hakuhitaji kuelezwa. Yeye ni Mmbulu, lakini alikua jirani na Wabarbaigi, akachunga nao, akapigana nao fimbo utotoni. Alijua kwamba katika boma lile bibi harusi haingii kwa mumewe mikono mitupu. Husimama langoni, kichwa kimepakwa samli, kimya kama jiwe, na ndugu wa mume humjia mmoja mmoja wakimtajia ng'ombe watakayempa ili akubali kuingia. Wa mwisho ni mama mkwe. Huyo hatoi ahadi ya mdomo. Huleta mtamba, mzao wa ng'ombe yuleyule ambaye naye alipewa langoni alipokuwa bibi harusi, kisha huuchukua mkono wa mkwe wake na kuuweka juu ya pembe. Mkono ukishashika pembe, ndipo mguu unavuka.

Ng'ombe huyo na uzao wake wote wa kike ni wa nyumba ya mke. Mume anaweza kuwachunga, kuwasifia, hata kuwatungia nyimbo. Kuwaamulia jambo, hapana.

Siku chache baada ya mkutano Isidori alishuka bondeni kwa ajili ya ng'ombe mwingine, mwekundu, wa Mzee Gidahoda mwenyewe. Walimwambia yuko kwenye joto, tayari kupandwa. Isidori alichomoa mrija, akauyeyusha kwenye chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu kama ilivyo desturi, akavaa glavu ndefu. Alipoingiza mkono akajua wamechelewa. Joto la yule ng'ombe lilikuwa limekwisha tangu jana yake.

Mrija ukishayeyuka haurudi baridini. Ama utumike wakati huohuo, ama utupwe. Na mirija ya mradi ilikuwa michache, Daktari Vicent ameikabidhi kama mtu anayekabidhi mayai. Isidori alisimama katikati ya zizi, mrija umefichwa kwapani usipoteze joto, akatazama huku na huku. Karibu na lango alisimama ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, akipandwa na ng'ombe wenzake na kutulia tuli.

"Huyo je?" alisema Mzee Gidahoda. "Joto lake si unaliona?"

"Huyo si wa nyumba ya mama Emanuel, mzee?"

"Zizi la nani hili, wewe Mmbulu?"

"Lako, mzee wangu. Lakini mwenyewe hayupo."

"Yuko Haydom anamlisha dada yake uji. Nimngoje arudi ndipo ng'ombe apate mimba? Ng'ombe anangoja mtu? Fanya kazi yako. Au hilo dume lako la kwenye mtungi limeogopa mwanamke?"

Vijana zizini waliangua kicheko. Isidori naye alicheka, maana alikuwa na joto la mrija kwapani na kila pumzi aliyoivuta ilikuwa inauharibu. Akamwendea yule mweusi. Kazi ilikwisha kabla kicheko hakijakauka.

Alichotaka kuokoa ni mrija mmoja. Baadaye, alipokuwa akilifikiria jambo hilo kwenye barabara ndefu za peke yake, hakuona ubaya wowote uliomsukuma, wala tamaa, wala dharau. Angeuona ubaya, pengine angekuwa na cha kutubu.

Ndama alizaliwa jike, mweusi, paji jeupe. Bibi Udaghwenga alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Ukame ulikuwa mkali mwaka ule, ng'ombe wanakonda hadi mbavu zinahesabika, na mama wa yule ndama alikufa kabla mvua haijarudi. Bibi alimnywesha yatima maziwa ya mbuzi kwa kidole. Kila asubuhi alimpapasa kichwani akingoja vichipukizi.

Isidori alipopita, bibi alimwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo utazame mtoto wangu. Wenzake wa umri huu wameanza kuwa na vijiwe hapa. Huyu kichwa chake laini kama goti la mtoto. Ana ugonjwa gani?"

Isidori alimgusa yule ndama. Hapakuwa na haja ya kumgusa, lakini aliona aibu kumjibu mama yule mikono ikiwa mitupu. Kisha akamweleza yote: mradi, kipande kilichokatwa na kipande kilichotiwa, mrija ulioyeyuka, ng'ombe mwekundu aliyepitwa na joto. Mzee Gidahoda alikuwa ameketi karibu akichonga fimbo, naye akazidi kuchonga.

Bibi Udaghwenga hakupiga kelele. Alivuta kivazi chake cha ngozi, kile ambacho wanawake wa Kibarbaigi huvaa wakiolewa, akakikaza magotini.

"Hataota kamwe?"

"Hataota, bibi."

"Na watoto wake?"

"Wengine wataota, wengine hawataota. Pembe hazijapotea moja kwa moja. Kwa baba zimefutwa, kwa mama bado zipo, zimejificha. Akipandwa na fahali wetu wa kienyeji, nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu," alirudia bibi. Akamtazama mumewe, akamtazama Isidori. "Mmekaa wanaume wawili, mkagawa nusu yangu."

Wakati ule jambo lilikuwa bado linaponyeka, na hilo ndilo lililomuuma Isidori kuliko yote. Wafugaji hawalazi ng'ombe wote zizi moja. Huwakabidhi ndugu na marafiki wa mbali wawatunze na wanywe maziwa, ili maradhi au ukame ukipiga huku, kule kubaki mbegu. Mitamba wawili wa ukoo wa paji jeupe, wakubwa wa yule yatima, wenye pembe zao nzuri zilizopinda kama mikono ya mtu anayebeba mtungi, walikuwa kwa kaka yake bibi, kijijini Jorodom. Bibi alisema basi, Emanuel, kitinda mimba wake, akioa atachukua kwa mjomba. Akaanza hata kutania. Akimwona Isidori alimwambia watoto wamfunge kamba langoni, asije akaingia zizini bila ruhusa ya mwanamke.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Desemba ambapo Mlima Hanang ulishuka kwa maporomoko ya tope. Waliopoteza watu wao hawakuwa na nafasi ya kulilia mifugo, na bibi alijua adabu ya msiba. Kaka yake alinusurika, mke wa kaka yake hakunusurika. Kwenye matanga bibi alimlilia wifi yake tu. Siku nyingi zilipita ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini, kama kuna aliyewaona mitamba. Hawakuonekana. Tope lilikuwa limegeuka kuwa ardhi.

Hivyo ukoo mzima wa ng'ombe wa langoni ukabaki kwenye mwili wa yatima mmoja asiye na pembe. Mzee Gidahoda naye alifariki mwaka uliofuata. Mradi ulikuwa umeshakwisha. Daktari Vicent alihamishwa, simu yake ikawa haipatikani. Wale waliosema watakuja kumpima ndama na kumfuatilia miaka yote hawakuonekana tena bondeni. Hakuna aliyekuja hata kuuliza kama yuko hai.

Isidori akaamua kwamba atamrudishia bibi pembe.

Alizunguka kutafuta fahali. Hakutaka wa kwenye mtungi, alitaka fahali wa kutembea kwa miguu yake, wa kienyeji, ambaye wazee wanaweza kumtajia mama na bibi yake. Alimpata kwa mfugaji mmoja aitwaye Bura, upande wa Basotu, naye Bura alimcheka mpaka akakohoa.

"Dume la Pikipiki! Umekuja kuazima dume la miguu? Mtungi umepasuka?"

"Nicheke, lakini nipe."

"Nakupa. Nitakuwa na hadithi ya kusimulia mnadani mwaka mzima."

Yule yatima, sasa mtamba, alizaa. Isidori alingoja wiki zipite, akaenda, akapapasa kichwa cha ndama kwa dole gumba. Chini ya manyoya palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mahindi. Kulia, na kushoto pia. Alifumba macho. Alipoyafumbua akamwona Bibi Udaghwenga anatikisa kichwa.

"Mtazame na chini, mwanangu," alisema bibi.

Ndama alikuwa dume. Pembe zilikuwa zimerudi, lakini zimerudi kwa dume, na ukoo wa langoni haupiti kwa dume. Bibi alicheka kwanza, kicheko kikavu, kisha Isidori naye akacheka, na katika kicheko kile ndipo walipopata kuzoeana. Tangu siku hiyo alipopita bondeni alikaribishwa maziwa ya mgando, akaketi kwenye gogo alilokuwa anakalia marehemu.

Hapo ndipo alipomweleza bibi habari ya Monica.

Monica alikuwa mjukuu wa Isidori, mtoto wa binti yake Helena, muuguzi Haydom, aliyeolewa na mwalimu kutoka Mara. Mke wa Isidori mwenyewe alitoka Ukerewe, na bila mtu yeyote kujua, Helena alikuwa amebeba kutoka kwa mama yake nusu ya ugonjwa, mumewe naye nusu nyingine. Zilipokutana, mtoto akazaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu zilizopinda kama mundu. Maumivu yalimshika kwenye mifupa, akalia hadi sauti inakatika, kisha akalala akihema na mikono imevimba. Helena alisema huko ng'ambo sasa kuna tiba: wanachukua uboho wa mgonjwa, wanarekebisha vinasaba vyake, wanamrudishia, na damu mpya inazaliwa imenyooka. Ni kwa wachache bado. Kwa mtoto wa Haydom ilikuwa ni habari ya kusoma kwenye simu.

"Wangekuja kesho," alisema Isidori, "ningeweka dole gumba, na vidole vingine vyote. Ndiyo maana sijui nikuombe nini, bibi. Mkasi wa kukata vinasaba ni uleule. Siwezi kuulaani kwako halafu niubariki kwangu."

Bibi alikuwa anachochea moto. Akaupuliza.

"Mjukuu wako analia," alisema.

"Analia sana."

"Ng'ombe wangu alikuwa anaumwa pembe?"

Isidori alisukuma ukuni motoni kwa ncha ya kiatu.

"Nakuuliza. Ulimkuta analia?"

"Hapana. Lakini nimewaunguza wengi, bibi. Hao walilia."

"Waliounguzwa ni wa watu wa maziwa. Wangu nani angemuunguza?" Akaweka kijiti chini. "Na huyo mtoto, binti yako si ataulizwa? Mama si atakuwepo? Mimi sikatai mkasi. Chuma ni chuma tu, hakina akili. Ninachokataa ni kuamuliwa nikiwa Haydom."

Isidori alirudi nyumbani na maneno hayo. Alijaribu kumweleza mkewe akashindwa, maana yalikuwa mepesi mno yakisemwa na mwingine. Alichoelewa ni kwamba alikuwa amejihukumu kwa kosa ambalo si lenyewe. Alidhani amekosea kwa kuamini kitu kipya. Kumbe alikosea kwa kitu cha zamani kabisa, cha kumpita mwenye mali kwa kuwa mwenye sauti yupo karibu.

Mtamba alipandwa tena na fahali wa Bura. Safari hii Emanuel alikuwa ameshachumbia. Binti aliitwa Frida, wa upande wa Basotu, mrefu, mcheshi, mwenye cheti cha ushonaji. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana harusi iwe baada ya mavuno. Ndama angezaliwa masika. Kama angekuwa jike, na kama angekuwa na pembe, angekuwa ameshaachishwa ziwa siku ya harusi, vipembe vyake vimetoka vya kutosha kushikwa na kiganja.

"Sasa kuna 'kama' mbili," Isidori alimwambia Emanuel, aliyemkuta Katesh akinunua mabati. "Jike au dume, pembe au hapana. Nafasi ni robo."

"Baba Helena, mimi nimebatizwa," alisema Emanuel. "Frida naye kabatizwa. Kwetu sisi hata mbuzi anatosha. Ni mama tu."

"Ndiyo. Ni mama tu."

"Ungemwambia aache. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie aache kipi? Mimi ndiye niliyemwachisha."

Masika yalikuja na matope yake. Isidori alipigiwa simu asubuhi, Emanuel anasema ndama kazaliwa, jike, mweusi, paji jeupe. Alisema kwa furaha ambayo hakuitarajia mwenyewe. Isidori aliondoa pikipiki bila kunywa chai, akafika bondeni nguo zote zimelowa. Ndama alikuwa amesimama kwa miguu minne iliyotawanyika, anatafuta ziwa mahali pasipo na ziwa. Mapema mno kujua. Bibi Udaghwenga alimwambia asimguse.

"Wiki zake zikifika, nitakuita. Leo tumwache awe vyovyote."

Akaita siku ilipofika. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, mlima hauonekani. Bibi alikuwa ameketi chini na ndama amemlalia magotini, na macho yake, ambayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa uzee, yalitazama pembeni kama mtu anayesikiliza. Isidori alichuchumaa. Alipitisha dole gumba upande wa kulia, akabonyeza taratibu. Akapitisha kushoto. Akarudi kulia. Akatafuta nyuma kidogo, akatafuta mbele, akijua hakuna pembe inayoota pale.

Ngozi iliteleza juu ya mfupa mtupu. Laini kama goti la mtoto.

Angeweza kusema ni mapema bado, na bibi angemwamini, au angejifanya kumwamini.

"Hakuna, bibi," alisema.

"Nilijua tangu juzi," alisema Bibi Udaghwenga. "Nilitaka tu nisiwe nimejua peke yangu."

Harusi ilifanyika mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Ilianzia kanisani Katesh asubuhi, na mchana ikashuka bondeni, kwa sababu Frida mwenyewe alisema anataka kusimama langoni kama bibi yake mwenyewe alivyosimama. Akavua shela garini, akapakwa samli, akasimama na viatu vyake vya harusi kwenye vumbi la samadi. Ndugu za Emanuel walimjia mmoja mmoja, wakamtajia ng'ombe. Yeye kimya. Shangazi mmoja akamtania kwamba mwanamke huyu ameumeza ulimi, aongezewe beberu ateme. Watu wakacheka. Frida akabana midomo isicheke.

Isidori alisimama nyuma, karibu na pikipiki. Alikuwa amealikwa kama mtu wa nyumbani, akaona afadhali angesahauliwa.

Bibi Udaghwenga akatoka zizini na yule ndama amemfunga kamba shingoni. Alikuwa amempaka mafuta akang'aa. Paji lake jeupe lilionekana toka mbali. Watu wa upande wa bibi harusi, waliokuja na habari nusu nusu, walisogea kutazama. Wanawake wakubwa walitazamana. Bibi akamfikisha langoni, akauchukua mkono wa Frida kama mama mkwe wake alivyouchukua wa kwake zamani, akaupeleka juu ya kichwa cha ndama.

Mkono ulifika pale ambapo pembe ingekuwa. Vidole vilijikunja vikitafuta, vikakuta manyoya. Vikabaki vimejikunja hewani.

Frida alimtazama mama mkwe. Bibi aliendelea kuushika ule mkono, ameukaza, kana kwamba angeukaza zaidi pembe ingechomoza. Kisha Frida, binti wa watu, akatelezesha kiganja chake chini kidogo, akashika sikio.

Ndama hakupenda. Akatikisa kichwa, sikio likamponyoka. Frida akalishika tena, likamponyoka tena. Mtu mmoja akaguna kicheko, mwingine akamfuata, na vijana wakaanza kupiga kelele, mshike, mshike! Frida mwenyewe akacheka kwa sauti, akainama akamkumbatia ndama shingoni kwa mikono yote miwili, gauni jeupe na manyoya meusi yenye mafuta, akavuka lango hivyo, akiwa amejipinda, anamsukuma na kusukumwa. Vigelegele vikapanda. Ilikuwa furaha ya kweli, na watu wa Basotu bado wanaisimulia kama harusi iliyochekesha kuliko zote.

Bibi Udaghwenga alibaki langoni. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa umeinuliwa kidogo mbele yake, kiganja kimejikunja, kama mtu aliyepokonywa fimbo ya kutembelea. Isidori alimwona anaushusha polepole, anaufuta kwenye kivazi chake cha ngozi.

Alimwendea.

"Ameingia," alisema bibi.

"Ameingia, bibi."

"Mkwe mzuri. Atanizika vizuri." Alitazama upande wa kicheko, macho yake hayaoni mbali. "Mtamba naye nitampa fahali wa Bura tena. Huenda Frida atapata wa kumshikisha mkwe wake. Mimi sitakuwepo kumpapasa. Nenda ukale, mwanangu, wasije wakamaliza nyama."

Isidori alisema naam, anakwenda. Lakini aliendelea kusimama naye langoni, upande wa nje, mpaka alipokumbuka kuomba ruhusa.

"Naweza kuingia, bibi?"

Bibi Udaghwenga akasogea kando kumpisha.

"Ingia," alisema.